Kwa nini mitambo ya kurushia roketi nyingi huwekwa juu ya lori la kawaida?

Mpakiaji wa Kilindini aliuliza:

Salaam aleikum, ndugu zangu wa jukwaa hili.

Kazi yangu ni ya malori. Nimesimamia upakiaji wa mizigo bandarini kwa miaka mingi, na mtu wa kazi hii hawezi kulitazama gari kubwa bila kuhesabu ekseli zake, kukisia uzito uliokaa nyuma na kujiuliza kama litapita mizani ya Mariakani salama. Ndiyo sababu kila taarifa ya habari inapoonyesha vita, mimi hulitazama zaidi lile lori la kijeshi lililobebeshwa fungu la mitutu mgongoni, ambalo hufyatua roketi moja baada ya nyingine hadi mitutu yote imekuwa mitupu, kisha likaondoka mahali hapo kwa haraka.

Jambo linalonitatiza ni hili. Mizinga ninayoijua mimi ni ile ya Fort Jesus, ambayo hata ukiitazama tu unaona kwamba chuma chake ni kinene na kigari chake ni kizito, kwa sababu mzinga ukipigwa hurudi nyuma kwa nguvu nyingi. Sasa inakuwaje lori la magurudumu sita, ambalo chasisi yake haipishani sana na ya malori tunayoyapakia hapa, lihimili kufyatua roketi arobaini mfululizo bila fremu kupinda, springi kukatika au gari lenyewe kupinduka? Na ikiwa lori halina deraya ya maana, hata risasi ya bunduki inaweza kutoboa tangi lake la mafuta, kwa nini wasiiweke mitutu hiyo juu ya kifaru?

Nimewahi pia kusikia wazee wakisema kwamba silaha za aina hii zilitumika karibu na kwetu, katika vita vya kumng'oa Idi Amin. Ningependa kujua kama hilo ni kweli au ni masimulizi ya barazani tu. Tafadhali anayejua atueleze kwa utaratibu, na tusiingie katika ubishi wa nani ana haki katika vita vya leo.

Fundi wa Miritini alijibu:

Wa aleikum salaam, ndugu Mpakiaji. Nitajibu upande wa gari, kwa maana huo ndio upande wangu, na historia nitawaachia wenyewe.

Mzinga na mtambo wa roketi hutofautiana katika jambo moja ambalo ndilo asili ya mengine yote. Mtutu wa mzinga umefungwa nyuma. Baruti inapowaka ndani yake, gesi hulisukuma kombora mbele na wakati huohuo huusukuma mzinga wenyewe nyuma, kama vile mtu anayeruka kutoka kwenye mtumbwi anavyousukuma mtumbwi upande wa pili. Kwa hiyo mtutu lazima uwe mnene ili usipasuke, na kigari lazima kiwe kizito ili kisiruke. Mtutu wa roketi uko wazi pande zote mbili. Roketi hubeba fueli yake yenyewe, hujisukuma yenyewe, na gesi yake hutokea nyuma ikaenda hewani. Kazi ya mtutu ni kuielekeza tu roketi katika ile sehemu ndogo ya mwanzo wa safari. Ndiyo maana mitutu hiyo inaweza kuwa bomba jembamba, na ndiyo maana lori linatosha.

Chukua BM-21, maarufu kwa jina la Grad, ambao ndio mtambo wa aina hii ulioenea kuliko yote duniani. Jeshi la Kisovieti lilianza kuutumia mwaka 1963. Una mitutu arobaini ya milimita 122, imepangwa safu nne za mitutu kumi kumi, juu ya lori la Ural-375D lenye magurudumu sita yanayosukumwa yote na injini. Roketi yake ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2.9 na uzito wa kilo 66 hivi, na kichwa chake chenye kilipuzi ni kilo 18 na kitu. Piga hesabu, ndugu Mpakiaji: roketi zote arobaini ni tani mbili na nusu na zaidi kidogo. Wewe unajua kwamba huo si mzigo wa kulitisha lori la ukubwa ule.

Hata hivyo, usidhani kwamba lori halihisi kitu. Moto wa gesi hupiga nyuma na chini, uzito hupungua upande mmoja wa fungu kabla ya mwingine, na mwili wa gari hutaka kuyumba. Kuyumba huko hakulivunji lori, lakini huharibu shabaha, kwa kuwa roketi hutoka mbili kila sekunde na ile ya kumi na mbili ikikuta gari limeinama kuliko lilivyokuwa wakati wa ile ya kumi na moja, itakwenda kwingine. Kwa sababu hiyo springi za nyuma hufungwa kabla ya kufyatua, ili fungu la mitutu likae juu ya ekseli moja kwa moja. Mitambo mikubwa zaidi, kama Uragan wa milimita 220, hushusha miguu ya chuma nyuma ili gari litulie.

Askari anaweza kufyatua akiwa ndani ya kabini, au akashuka na kuvuta waya mrefu akajitenga mita 60 hivi. Mitutu ikiwa imeinamishwa haifyatuliwi kupitia juu ya kabini, na nadhani hapo sababu haihitaji maelezo.

Neno moja la ufundi, nisije nikaonekana ninalisifu sana gari hilo: Ural-375D ilitumia petroli, injini ya silinda nane, na ilikunywa mafuta kwa uroho hadi baadaye mitambo ikahamishiwa Ural-4320 ya dizeli. Uragan nao uliwekwa juu ya lori la ZIL-135 lenye injini mbili, moja ikiendesha magurudumu ya kulia na nyingine ya kushoto. Aliyebuni hivyo bila shaka hakuwa na nia ya kulitengeneza yeye mwenyewe barabarani.

Maalim wa Kuze alijibu:

Fundi ameeleza vyema. Mimi nitaanzia hapo hapo Fort Jesus, kwa sababu ndugu Mpakiaji ametaja mizinga ya ngome ile bila kutaja ule unaohusika zaidi na swali lake.

Miongoni mwa silaha zilizohifadhiwa pale upo mzinga wa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na upo pia mzinga wa Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg iliizamisha katika maji ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Königsberg yenyewe ilikwama katika delta ya Rufiji ikaangamizwa Julai 1915, lakini Wajerumani waliopoa mizinga yake kumi ya milimita 105, wakaiundia vigari vya magurudumu na kuiburuta nchi kavu katika kampeni ya Afrika Mashariki. Nenda ukautazame mzinga ule kwa jicho lako la upakiaji. Kipenyo chake ni kidogo kuliko cha roketi ya Grad, na mzinga huo hupiga kombora moja kwa wakati mmoja, lakini kuuhamisha kutoka bonde moja hadi jingine kulihitaji msururu wa wapagazi. Tatizo la kuhamisha moto mzito kwa haraka ndilo ambalo roketi juu ya lori zilikuja kulitatua, robo karne baadaye.

Jaribio la kwanza kubwa la vitani lilikuwa tarehe 14 Julai 1941, wakati kikosi cha Kapteni Ivan Flyorov kilipofyatua roketi za milimita 132 katika kituo cha reli cha Orsha, kilichokuwa kimetekwa na Wajerumani. Mtambo ule ni BM-13, ambao askari waliupa jina la utani la Katyusha. Haukuwa na mitutu bali reli za chuma zilizobeba roketi 16, na masafa yake yalikuwa kilomita nane na nusu hivi. Mwanzoni uliwekwa juu ya lori la Kisovieti la ZIS-6. Baadaye, Marekani ilipopeleka malori yake kwa wingi kumsaidia mshirika wake, Katyusha nyingi zilijengwa juu ya Studebaker US6, lori la kiwanda cha Marekani lililobebeshwa silaha ya Kisovieti. Naona jambo hilo linajibu nusu ya swali: fungu la reli au mitutu linaweza kuhamishiwa lori lolote lenye nguvu ya kutosha, na jeshi haliwi mateka wa kiwanda kimoja.

Afrika iliufahamu mtambo huu mapema. Tarehe 10 Novemba 1975, siku moja kabla ya uhuru wa Angola, majeshi ya FNLA, moja ya makundi yaliyogombania utawala wa nchi ile, na washirika wake yaliyokuwa yakielekea Luanda yalisambaratishwa huko Quifangondo, na roketi za BM-21 zilizoendeshwa kwa msaada wa Wakuba zilikuwa na sehemu kubwa katika kushindwa huko. Afrika Kusini, iliyokuwa upande wa pili wa vita vile, ilipata somo, ikaunda mtambo wake wa Valkiri wenye mitutu 24 ya milimita 127 juu ya lori dogo la Unimog. Ulikuwa na turubai la kufunikia, na likishafunikwa ungedhani ni gari la kubebea chakula cha askari.

Sasa nije kwa Amin. Wazee waliokusimulia hawakukosea. Tanzania ilikuwa na BM-21 katika vita vya 1978 hadi 1979, na moto wa mizinga na roketi zake ndio ambao Waganda waliuita Saba Saba, jina ambalo watu wa umri wangu waliokuwa Kampala bado hulitamka kwa kuteremsha sauti. Lakini kisa ambacho hufundisha zaidi ni cha upande wa pili, kwani Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin nao walikuja na mitambo hiyohiyo. Tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ya Tanzania ilikuwa Lukaya, penye barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala. Walibya na Waganda waliishambulia kwa roketi. Roketi zile zilipita juu ya vichwa vya Watanzania zikaanguka nyuma yao, yaani hazikulenga shabaha. Pamoja na hayo, askari wengi wa brigedi ile, ambao hawakuwa na uzoefu, walivunja safu wakakimbia kwa sababu ya mlio na moto waliouona. Usiku huo Brigedi ya 208 ilizunguka ikaingia nyuma ya adui, na alfajiri ya tarehe 11 Watanzania walishambulia kutoka pande mbili wakawashinda Walibya na Waganda. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Kwa hiyo anayeupima mtambo huu kwa idadi ya waliouawa peke yake huacha nje sehemu kubwa ya hesabu. Pale Lukaya ulikosa shabaha na bado ukawaondoa watu mahali pao. Ila haukuweza kuifanya kazi iliyobaki: aliyerusha roketi hakupata askari wa miguu wa kuishika nafasi ile vizuri, na usiku ule ukampita.

Bi Mkasi wa Kisauni alijibu:

Nimewasoma kwa makini, na ninamshukuru Maalim kwa kisa cha Lukaya. Hata hivyo, maelezo yote mpaka sasa yamekuwa ya fremu, springi na ushindi, nami naona kuna swali ambalo ndugu Mpakiaji hakuliuliza lakini haliwezi kuepukwa: roketi zile zinazokosa shabaha huangukia wapi?

Kinamasini hapana tabu kubwa. Mjini mambo ni mengine kabisa. Silaha ambayo kwa maumbile yake hutawanya makombora juu ya eneo pana haina namna ya kuchagua kati ya ghala la silaha na soko lililo karibu nalo. Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva, inakataza mashambulizi yasiyobagua, na miongoni mwa inayoyataja ni kulichukua eneo la mji lenye shabaha kadhaa za kijeshi zilizoachana na kulipiga lote kana kwamba ni shabaha moja. Ukilisoma katazo hilo huku ukikumbuka mitutu arobaini, utaona jinsi linavyougusa mtambo tunaouzungumzia.

Wala si maneno ya karatasini. Tarehe 2 na 3 Mei 1995, mji wa Zagreb nchini Croatia ulipigwa kwa mtambo wa M-87 Orkan, ambao pia hubebwa na lori, una mitutu 12 ya milimita 262 na unafika kilomita 50. Roketi zilibeba mabomu ya vishada, yaani kila kichwa kilipasuka angani kikamwaga mabomu madogo mengi. Watu 7 waliuawa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Milan Martić, aliyekuwa kiongozi wa Waserbia wa Krajina, eneo la Croatia lililokuwa limejitenga, alishtakiwa katika mahakama ya kimataifa ya The Hague iliyohukumu makosa ya vita vya Yugoslavia, na mwaka 2007 alihukumiwa kifungo cha miaka 35 kwa makosa mengi, hilo likiwa mojawapo. Majaji walichunguza masafa ambayo roketi zilirushwa na upana wa mtawanyiko wake, wakaona kwamba silaha ile, kwa jinsi ilivyotumika, haikuweza kulenga shabaha maalumu ndani ya mji. Utetezi kwamba mjini palikuwa na shabaha za kijeshi haukumwokoa.

Mwaka uliofuata, 2008, ndipo ulipotiwa saini mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya vishada, ulioanza kutumika tarehe 1 Agosti 2010. Mkataba huo haukukataza lori wala mitutu. Uliyakataza yale yanayobebwa ndani ya kichwa, kwa kuwa mabomu madogo yasiyolipuka siku ya vita hubaki ardhini yakawangoja watoto na wakulima. Mataifa makubwa yenye mitambo hii mingi, Marekani na Urusi yakiwemo, hayakujiunga.

Sisemi kwamba ufundi usizungumzwe. Nasema kwamba mtawanyiko ni sehemu ya ufundi huo, na fundi anayeeleza jinsi springi inavyofungwa anaweza pia kueleza kwa nini, hata ikishafungwa, roketi bado hazifiki mahali pamoja.

Mpakiaji wa Kilindini aliandika:

Bi Mkasi, umenena, na swali lako sasa ni langu pia. Ikiwa springi zimefungwa na mtutu umeelekezwa sawasawa, ni nini kinachoipotosha roketi njiani? Na je, haya mambo ya kuongozwa kwa setilaiti tunayoyasikia tangu vita vya Ukraine yamelimaliza tatizo hilo, au ni sifa za wauzaji?

Mstaafu wa Tudor alijibu:

Nilitumikia mizinga ya kawaida, si roketi, lakini hesabu za masafa ni ndugu moja, kwa hiyo nitajaribu.

Kombora la mzinga hupata kasi yake yote ndani ya mtutu, na likishatoka hakuna tena kinacholisukuma. Roketi hutoka mtutuni ikiwa bado polepole, kisha huendelea kusukumwa na injini yake kwa muda mfupi angani, na muda huo ndio wa hatari. Mapezi yake ya nyuma hushikwa na upepo, kwa hiyo upepo ukitoka kulia, mkia husukumwa kushoto na pua hugeukia kulia, na kwa kuwa injini bado inawaka, roketi huenda kulikogeukia pua, yaani inauelekea upepo unakotoka badala ya kusukumwa nao. Aliyezoea mizinga hushangaa sana anapoliona jambo hilo mara ya kwanza. Ongeza hapo kwamba hakuna injini mbili za roketi zinazosukuma kwa usawa kamili: ikiwa msukumo hautoki katikati hasa, roketi hupinda. Ili kupunguza kasoro hiyo, mtutu wa Grad una mfuo unaozunguka ndani yake, ambao huanza kuizungusha roketi taratibu, na mapezi yaliyopindwa kidogo huendeleza mzunguko huo, ili hitilafu ya upande mmoja igawanywe pande zote. Kasoro hupungua lakini haiishi, na kwa masafa ya kilomita 20 kilichobaki kinatosha kuzitawanya roketi arobaini juu ya eneo la mamia ya mita.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukitaka kupiga karibu kwa Grad, huinamishi mitutu tu. Roketi huvalishwa pete puani, ya kuikokota hewani ili isifike mbali. Kuna pete kubwa na pete ndogo. Ni ufumbuzi wa kizamani, nami naupenda kwa sababu hauhitaji umeme.

Wengine hudhani mtambo huu una nguvu kuliko mzinga kwa kila hali. Hapana. Mzinga wa D-30, wenye kipenyo hichohicho cha milimita 122, unaweza kupiga makombora sita hivi kwa dakika, na ukiwa na watu hodari na shehena ya kutosha utaendelea kupiga mchana kutwa. BM-21 humaliza arobaini zake kwa sekunde 20, kisha hukaa karibu dakika kumi ukijazwa kwa mikono, roketi moja moja, kila moja ikiwa na uzito wa mtu mzima. Ukihesabu saa nzima, tofauti hupungua sana. Lakini vita havihesabiwi hivyo. Askari waliosimama wazi huumia zaidi katika sekunde za kwanza, kabla hawajalala chini au kuingia handakini, na katika sekunde hizo 20 D-30 imepiga makombora mawili. Kikosi cha mitambo 18 ya BM-21 kitakuwa kimerusha roketi 720.

Baada ya hapo lazima kikimbie, na hapa ndipo lori linapolipa gharama yake. Roketi huacha vumbi na moshi unaoonekana kutoka mbali, na rada za adui huweza kuitazama njia ya roketi angani na kukokotoa mahali ilikotoka. Aliyefyatua akibaki palepale kupongezana na wenzake hatasikia kombora linalokuja. Deraya ya kifaru ingemsaidia kidogo, lakini kuwa mahali pengine kunamsaidia zaidi.

Kuhusu setilaiti, si sifa za wauzaji. Mtambo wa HIMARS wa Marekani, ulioingia jeshini mwaka 2005, hubeba sanduku moja la roketi sita za milimita 227 juu ya lori la magurudumu sita. Roketi zake za GMLRS huongozwa kwa setilaiti na kwa vipima-mwendo vilivyomo ndani yake, zina vibawa vidogo puani vya kuirekebisha njia, na hufika zaidi ya kilomita 70 zikaanguka mita chache kutoka palipolengwa. Ukraine iliipokea Juni 2022, na Julai mwaka huohuo iliitumia kutoboa daraja la Antonivka karibu na Kherson, shabaha ambayo Grad ingeweza kuimwagia roketi zake zote zikaishia mtoni. Lakini tazama, ndugu Mpakiaji, kilichobadilika: roketi zimekuwa sita badala ya arobaini, na kila moja ni ghali kiasi kwamba huirushi kwa ajili ya kutisha watu. Ni silaha nyingine inayofanana na ile ya kwanza kwa umbo. Pia adui amejifunza kuvuruga mawimbi ya setilaiti, na roketi ikiyakosa hurudi kutegemea vipima-mwendo vyake peke yake, ambavyo hukosea zaidi kadiri safari inavyorefuka.

Kwako Bi Mkasi: mtu mwenye silaha inayolenga mita chache amepoteza kisingizio cha mtawanyiko. Hilo nalo lina uzito wake mbele ya majaji.

Fundi wa Miritini aliongeza:

Mzee wetu Mstaafu ameligusa suala la deraya lakini ameliacha njiani, na kwa kuwa ndugu Mpakiaji aliliuliza wazi, nilimalizie.

Wapo waliojaribu. Czechoslovakia ilichukua fungu lilelile la mitutu arobaini ya milimita 122 ikaliweka juu ya Tatra 813 ya magurudumu manane, ikaipa kabini ya deraya, na katikati, baina ya kabini na mitutu, ikapanga roketi arobaini za akiba. Mitutu ikishakuwa mitupu hugeuzwa mbele ikakabiliana na rafu ya akiba, roketi zote zikasukumwa ndani kwa pamoja. Huo ndio RM-70 wa mwaka 1972, na ukiniuliza mimi kama fundi, ndio uliofikiriwa vizuri kuliko mingine ya kizazi chake, kwa sababu aliyeubuni aliwaza habari za kupakia, na si za kurusha tu. Wamarekani nao, kabla ya HIMARS, walikuwa na M270 wa mwaka 1983, unaotembea kwa minyororo kama kifaru na kubeba roketi 12. Una uzito wa tani 25 hivi. HIMARS ina nusu ya roketi hizo, lakini uzito wake ni tani 16 tu, inaingia ndani ya ndege ya mizigo ya C-130, na barabarani huenda kwa magurudumu yake yenyewe pasipo kuhitaji lori jingine la kuibeba. Sanduku lake likiisha, winchi iliyomo humohumo hulishusha tupu na kulipandisha lililojaa, kazi ambayo askari watatu wanaimaliza kwa dakika chache.

Juu ya kifaru chenyewe, upo TOS-1 wa Urusi, wenye mitutu 30 ya milimita 220 juu ya chasisi ya T-72. Walikuwa na sababu: roketi zake za mwanzo zilifika kilomita tatu na nusu tu, kwa hiyo mtambo ulilazimika kusogea hadi mahali ambapo bunduki za adui zinaufikia. Mwenye masafa ya kilomita 20 au 70 hahitaji kulipa bei hiyo ya chuma, mafuta na vipuri. Ndiyo maana lori lako la kawaida limebaki, miaka zaidi ya themanini tangu Orsha.